Maji Machafu Kichochoroni: Mwongozo Kamili wa Sheria za Usafi kwa Mkazi wa Lamu

Vichochoro vya Lamu ni vyembamba kiasi kwamba punda wawili wenye mizigo wakikutana, mmoja itabidi abanane na ukuta. Mitaro iko wazi, nyumba zimegusana kuta, na jirani akimwaga maji juu ya mji, wa chini atayasikia harufu kabla hayajafika baharini. Kwa hiyo ugomvi wa usafi ni ugomvi wa kila siku, na mara nyingi huishia barazani: watu hulalama, humlaumu bwana afya (afisa wa afya ya umma), huilaumu kaunti, kisha adhana ikalia wakatawanyika.

Mwongozo huu ni wa anayetaka jambo liende mbele ya baraza. Ni wa mwenye kulalamika na ni wa mwenye kulalamikiwa pia, kwa sababu leo unaweza kuwa huyu na kesho ukawa yule. Jambo moja nitalirudia hadi ulichoke: mamlaka ya serikali katika usafi hutembea kwa karatasi. Bila ilani, leseni, risiti au amri ya hakimu, kilichopo ni maneno tu, hata yakisemwa na mtu mwenye sare.

Hatua ya 1: Jua nani ana mamlaka gani

Sheria mama ni Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242 ya Sheria za Kenya. Ni kongwe, ilianza 1921 zama za ukoloni, na bado humo ndani utakutana na lugha ya manispaa na halmashauri ambazo hazipo tena. Usitishwe na hilo. Baada ya Katiba ya 2010 na kuja kwa serikali za kaunti mwaka 2013, kazi nyingi zilizokuwa za halmashauri zilihamia kwa kaunti.

Jedwali la Nne la Katiba ndilo linalogawa kazi. Serikali ya kitaifa imebaki na sera ya afya na hospitali kuu za rufaa. Kaunti imepewa huduma za afya za mashinani, kutoa leseni na kudhibiti biashara zinazouzia watu chakula, uzoaji wa taka na majaa, makaburi, pamoja na huduma za maji na usafi. Kwa lugha ya mtaani: taka isiyozolewa, kibanda cha chakula kichafu na choo kinachovuja ni mambo ya kaunti. Ukimpigia simu mbunge wako kuhusu mtaro, umebisha hodi nyumba isiyokuwa yake. Mwakilishi wadi ndiye mtu wako.

Wapo wengine wanaoweka viwango. Shirika la Viwango, KEBS, ndilo linalotoa viwango vya maji ya kunywa: bakteria wa E. koli hatakiwi hata mmoja katika mililita 100 za maji. NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, inashughulikia maji taka yanayoingia baharini au ardhini na mambo ya mazingira kwa jumla. Waziri wa Afya anaweza kutoa kanuni za dharura maradhi ya mlipuko yakizuka, na tuliziona mwaka 2020 wakati wa korona, mtu akikamatwa bila barakoa faini ikifika hadi shilingi 20,000.

Na kwa sisi wa mji wa kale kuna mmoja zaidi ambaye watu humsahau: Makumbusho ya Taifa. Lamu imo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001, na huwezi kubomoa ukuta wa matumbawe kupitisha bomba jipya la choo bila kuwashirikisha watu wa Makumbusho. Bwana afya anaweza kukuamuru utengeneze, lakini namna ya kutengeneza ina mwenyewe mwingine. Weka hilo akilini, tutalirudia.

Hatua ya 2: Pima shida yako kwa kifungu cha 118

Si kila kinachokuudhi ni kosa. Sheria ina orodha ya mambo inayoyahesabu kuwa kero, na orodha hiyo iko katika kifungu cha 118. Nikiyataja yanayotuhusu zaidi hapa kisiwani:

mtaro, choo, shimo la maji taka, tangi, birika (kwetu ni hodhi la maji lililojengwa ndani ya nyumba), jaa au rundo la samadi lililo katika hali ya kudhuru afya au kuchukiza;

kisima au chanzo kingine cha maji kilichochafuliwa au kilicho katika hatari ya kuchafuliwa;

maji machafu yanayotoka nyumba ya mtu na kumiminika njiani au katika mtaro wa kando ya njia;

zizi lililowekwa au kutunzwa vibaya;

nyumba yenye msongamano wa watu kiasi cha kuhatarisha afya, au inayokaliwa bila maji safi ya kutosha katika umbali wa kuridhisha.

Punda basi wamo. Punda kupita njiani si kosa, na mji huu hauwezi kuishi bila yeye, ndiye anayebeba mchanga, saruji, mizigo ya gatini na taka zenyewe. Lakini samadi iliyorundikwa wiki nzima chini ya dirisha la mtu, inzi wakiruka kutoka hapo hadi jikoni, hiyo ni kero kamili. Redio ya jirani na wivu wa jirani havimo katika kifungu hiki. Usipeleke barua ya afya kwa jambo ambalo kiini chake ni ugomvi wa mpaka wa ukuta. Maafisa wanazijua barua za namna hiyo, na ya pili utakayoleta, hata ikiwa ya kweli, itasomwa kwa jicho la upande.

Hatua ya 3: Anza na hodi, lakini weka siku

Mwendee jirani kwanza. Akiwa mkubwa kwako, mpeleke mtu wa makamo yake, au mwombe mzee wa mtaa au imamu aseme naye. Mara nyingi mwenye nyumba hajui kwamba bomba lake limepasuka kwa upande wa kichochoro. Yeye anaishi ndani, harufu iko nje.

Ila mpe siku. Mkubaliane lini atamwita fundi, na uiandike tarehe hiyo. Upole usio na tarehe huzaa miezi, na miezi huzaa kuhara kwa watoto.

Hatua ya 4: Kusanya ushahidi kama karani

Chukua daftari. Kila siku unapoiona kero andika tarehe, saa, na ulichokiona kwa macho, si ulichokisia. "Alfajiri, maji ya rangi ya kijivu yenye harufu ya choo yanatoka kwenye ufa chini ya bomba, yamefika mlango wa tatu" ni bora mara kumi kuliko "wanatumwagia uchafu kila mara." Piga picha zinazoonyesha mahali penyewe, kitu kinachotambulika kiwe ndani ya picha: mlango wa kuchonga, nambari ya nyumba, kona ya msikiti. Usipige picha ndani ya nyumba ya watu wala usiwapige wanawake wa nyumba hiyo. Utaharibu kesi yako na ujirani wako kwa pamoja.

Kukiwa na kisima karibu, pima umbali kutoka kwenye uvujaji hadi kisimani. Viwango vya kimataifa vinavyotumika katika kazi za dharura vinataka choo cha shimo kiwe angalau mita 30 kutoka chanzo cha maji, na sakafu ya shimo iwe angalau mita 1.5 juu ya maji ya ardhini. Ndani ya mji wa kale kipimo hicho ni ndoto: nyumba nyingi zina choo na kisima ndani ya kuta zilezile, na zimekuwa hivyo karne na karne. Lakini ndiyo sababu ya kuandika umbali. Meta sita kati ya bomba lililopasuka na kisima ni hoja ambayo afisa hawezi kuipita.

Hatua ya 5: Andika barua, na ipigwe mhuri

Sheria inamtaja daktari msimamizi wa afya. Kazi ya miguuni hufanywa na afisa wa afya ya umma, yule ambaye wazee bado humwita bwana afya hata akiwa mwanamke. Mji wa Lamu uko katika kaunti ndogo ya Lamu Magharibi, kwa hiyo barua ielekezwe huko. Si lazima iwe kwa Kiingereza. Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi kwa mujibu wa kifungu cha 7 cha Katiba. Iwe fupi. Mfano:

Kwa Afisa Msimamizi wa Afya ya Umma,
Kaunti Ndogo ya Lamu Magharibi.

KUH: KERO YA MAJI TAKA, MTAA WA (jina), CHINI YA KIFUNGU CHA 118 CHA SHERIA YA AFYA YA UMMA, SURA YA 242

Mimi ni mkazi wa nyumba iliyo mkabala na (eleza nyumba). Tangu tarehe (…) maji ya choo yamekuwa yakitoka kwenye bomba lililopasuka ukutani mwa nyumba hiyo na kumiminika katika mtaro wa kichochoro. Kisima kinachotumiwa na nyumba tatu kiko umbali wa mita (…) kutoka hapo. Tulizungumza na mwenye nyumba tarehe (…) akaahidi kutengeneza kufikia tarehe (…). Hajatengeneza.

Naomba ofisi yako ikague mahali hapo na, ikiridhika kwamba kuna kero, itoe ilani kwa maandishi chini ya kifungu cha 119. Naomba pia nijulishwe kwa maandishi hatua itakayochukuliwa.

Nimeambatisha picha na nakala ya kumbukumbu zangu.

(Jina, sahihi, simu, tarehe)

Chapisha nakala mbili. Moja waachie, ya pili ipigwe mhuri wa kupokelewa wenye tarehe, urudi nayo nyumbani. Mhuri huo ndio unaoanza kuhesabu siku. Ukiambiwa "tumeshasikia, nenda tu," kaa. Omba mhuri kwa adabu, mara mbili, mara tatu. Majirani wakitia sahihi pamoja nawe ni vizuri zaidi, kwani barua ya nyumba tano huwa nzito kuliko ya nyumba moja, na hakuna atakayesema una kisa na fulani.

Hatua ya 6: Ukaguzi na ilani

Afisa ana ruhusa ya kuingia nyumbani kukagua kero katika saa za kuridhisha. Saa za kuridhisha maana yake si usiku wa manane na, kwa kwetu, si wakati wanawake wako peke yao nyumbani bila hodi wala taarifa. Mwenye nyumba ana haki ya kuona kitambulisho cha kazi. Anaweza pia kuomba afisa wa kike aje, na mara nyingi ombi hilo hukubaliwa kwa sababu maafisa wenyewe ni watu wa mji huu.

Akiridhika kwamba kero ipo, anatakiwa atoe ilani. Hapa ndipo pa kutulia, maana ilani mbovu huangusha kesi nzuri. Isome kama hati ya nyumba. Iwe kwa maandishi. Iseme kero ni ipi, iko wapi, nini kifanywe na ndani ya muda gani. Ilani inayosema "dumisha usafi" haijasema kitu. Inayosema "tengeneza bomba la choo lililopasuka upande wa mashariki wa jengo na uzibe ufa ndani ya siku 14" imesema.

Nani apewe? Kifungu cha 119 kinaanza na aliyesababisha kero, au mkaaji, au mwenye nyumba. Lakini kero ikitokana na kasoro ya jengo lenyewe, ilani huenda kwa mwenye nyumba. Wapangaji, lishikeni hili. Bomba lililooza ndani ya ukuta si lenu. Taka mlizozitupa mtaroni ni zenu.

Hapo Lamu tuna fumbo letu. Nyumba nyingi ni za urithi usiogawanywa: warithi kumi na wawili, watano Mombasa, watatu Arabuni, mmoja hajulikani aliko, na kila mmoja akiulizwa anasema mwulizeni fulani. Nyingine ni za wakfu. Sheria hii imeliona fumbo hilo zamani. Kwa maana yake, mwenye nyumba ni pamoja na yule anayepokea kodi, hata kama anaipokea kwa niaba ya mwingine. Wakala anayekuja kila mwezi kuchukua pesa za chumba anaweza kupewa ilani, na hawezi kujitetea kwamba hati haina jina lake. Mlalamikaji, usimtafute mrithi wa Muscat. Mtafute mwenye kupokea kodi.

Na kama aliyesababisha hapatikani, na si kosa la mkaaji wala mwenye nyumba, ofisi ya afya yenyewe ndiyo inayotakiwa kuiondoa kero hiyo.

Hatua ya 7: Ukipewa ilani wewe

Usiichane, na usimfokee aliyeileta. Andika nyuma yake tarehe na saa uliyoipokea. Kisha amua haraka kati ya njia tatu.

Kazi ikiwa ndogo, ifanye, piga picha kabla na baada, weka risiti ya fundi, na uandike barua ya mistari mitatu kuijulisha ofisi kwamba umemaliza. Watu wengi hutengeneza halafu wakanyamaza. Ofisi inabaki na faili lililo wazi, na miezi sita baadaye wito wa mahakama unabisha hodi.

Kazi ikiwa kubwa, omba muda kabla siku hazijaisha. Eleza sababu: gari la kunyonya maji taka haliingii vichochoroni mwetu, kazi ni ya mikono na ndoo, au ukuta ni wa kale na unangoja ushauri wa Makumbusho. Ambatisha barua uliyowaandikia Makumbusho. Sababu ya kweli iliyoandikwa mapema husikilizwa. Ileile ikisemwa mbele ya hakimu inasikika kama kisingizio.

Ukiona ilani si ya haki, dai sababu kwa maandishi. Sheria ya Hatua za Kiutawala za Haki ya 2015, iliyotungwa kutekeleza kifungu cha 47 cha Katiba, inakupa haki ya kupewa sababu na ya kusikilizwa kabla ya uamuzi unaokuumiza. Ofisi ikiombwa sababu inatakiwa izitoe kwa maandishi ndani ya muda uliowekwa na sheria hiyo, na isipozitoa, uamuzi wake huchukuliwa kuwa hauna sababu nzuri hadi pale itakapothibitishwa vinginevyo.

Ilani haina ada. Hakuna "ya mafuta ya boti," hakuna "ya kufunga faili." Faini ni kazi ya mahakama, na malipo halali ya kaunti yana risiti yenye jina la kaunti. Wasemao mkono mtupu haulambwi waache waseme.

Hatua ya 8: Ilani ikipuuzwa

Kifungu cha 120 kinaeleza njia. Ofisi ya afya inapeleka malalamiko kwa hakimu, hakimu anamwita aliyepuuza, na akithibitisha kero anaweza kuamuru iondolewe, kutoza faini na kuagiza ilipwe gharama. Nyumba isiyofaa kukaliwa anaweza kukataza isitumiwe hadi itengenezwe. Kesi hizi huenda mahakama ya hakimu pale mjini. Usizipeleke kwa Kadhi: yeye huamua ndoa, talaka na mirathi ya Waislamu, na hata nyumba ikiwa ya mirathi, bomba lake si mirathi.

Mlalamikaji, kazi yako hapa ni ushahidi. Lile daftari la hatua ya 4 ndilo litakalokusimamisha kizimbani bila kubabaika.

Birika, visima na mbu

Sehemu hii naiweka peke yake kwa sababu ndiyo sheria inayoingia hadi msalani mwetu. Kifungu cha 139 kinakataza kuweka maji kisimani, pipani, tangini au kwenye chombo chochote cha kuhifadhia bila kifuniko cha kutosha au kinga ya kuzuia mbu. Cha 137 kinataka ua usiwe na makopo, chupa na vitu vinavyoshika maji.

Mtu wa nje akisoma hivyo halafu akaona birika la Lamu, atashtuka: maji wazi, ndani ya nyumba, mwaka mzima. Asichokiona ni samaki. Wazee wetu waliweka samaki wadogo birikani wale viluwiluwi vya mbu, na anayeangalia vizuri atawaona wakipita kwenye kivuli cha ukuta, maji yakiwa safi na bila kiluwiluwi hata kimoja. Ni kinga halisi. Shida ni kwamba nyumba nyingi siku hizi zimeacha samaki na zikabaki na birika, au zimeweka mapipa ya plastiki juu ya dari yasiyo na samaki wala kifuniko.

Tuliulipia uzembe huo mwaka 2004. Homa ya chikungunya ilizuka hapa kisiwani, viungo vikiuma hadi mtu asiweze kufunga kanga, na uchunguzi wa damu uliofanyika baada ya hapo ulikadiria kwamba takribani watu watatu kati ya wanne walikuwa wameambukizwa. Mwaka uliofuata ugonjwa ulikuwa umefika Komoro na visiwa vingine vya Bahari ya Hindi. Na si wingi wa mvua ulioileta. Watafiti waliuhusisha mlipuko na ukame: maji yalipokuwa adimu watu waliyahifadhi muda mrefu majumbani bila kuyabadilisha, na Aedes aegypti, mbu anayeuma mchana na kuzaa katika maji ya nyumbani, akapata makao.

Basi fanya hivi. Birika lenye samaki liache na samaki wake. Usitie klorini humo, utawaua. Lisilo na samaki lifunike kwa wavu wa matundu madogo, na kila wiki limwage na usugue kuta zake, kwani mayai ya mbu huyu hugandia ukutani juu kidogo ya maji na huweza kukaa makavu kwa miezi yakingoja maji yapande. Wiki moja ndiyo kiasi, kwa kuwa yai hugeuka mbu mkubwa kwa siku saba hadi kumi hivi. Pipa la dari liwe na kifuniko kinachobana. Maji ya kunywa yawe mbali na haya yote, yachemshwe au yatiwe dawa, katika mtungi uliofunikwa na kata isiyozamishwa mkono.

Afisa akija na kurunzi kuangalia birika lako, mwonyeshe samaki.

Mwenye kibanda cha chakula

Ukikaanga viazi karai kando ya gati au ukiuza mahamri mlangoni mwa nyumba, wewe ni mwenye biashara ya chakula. Unahitaji mambo mawili yasiyochanganywa. La kwanza ni leseni ya mahali, ambayo hutolewa baada ya ukaguzi. La pili ni cheti cha afya cha kila anayeshika chakula, wewe, mkeo, kijana wa kuosha sahani. Cheti hiki hurudiwa kila miezi sita baada ya kupimwa, na mtu hanunui cheti bila kupimwa. Anayekiuza hivyo anauza homa ya matumbo.

Mkaguzi akija ataangalia maji ya kunawia, sabuni, chakula kilichofunikwa, mahali pa kutupia taka na nguo ya kazi. Weka vyeti vyote katika mfuko mmoja wa plastiki karibu na sanduku la pesa.

Mchafuzi akiwa kaunti yenyewe

Mtaro wa njia kuu umeziba, jaa limefurika, na anayetakiwa kutoa ilani ndiye mwenye mtaro. Watu hukata tamaa hapa. Wasikate. Kifungu cha 116 kinaifunga mamlaka ya eneo kwa wajibu: ichukue hatua zote halali na zinazowezekana kuliweka eneo lake katika hali ya usafi wakati wote, na kuzuia au kuondoa kero. Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya viwango vya kuridhisha vya usafi na maji safi ya kutosha.

Anza na ombi la habari chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Uliza kwa maandishi: mkataba wa kuzoa taka wa mtaa wetu ni wa nani, unasema taka zizolewe mara ngapi kwa wiki, na fedha zilizotengwa mwaka huu ni kiasi gani? Ofisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 21. Ikinyamaza, lalamika kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile inayojulikana kama Ombudsman. Nimeona swali la namna hii likisogeza mkokoteni wa taka kuliko makelele ya redioni, maana aliyeulizwa swali la mkataba hujua ulipo mguu wake.

Mwisho wa njia ni Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliyoko Malindi. Kifungu cha 70 cha Katiba kinamruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani kudai mazingira safi bila kuthibitisha kwamba yeye mwenyewe ameumia. Hiyo ni safari yenye gharama ya wakili; ifanye mtaa mzima, usiifanye peke yako.

Mamlaka yana mpaka

Sheria ya 1921 ina meno marefu, na mengine yamekatwa. Mwaka 2010 wagonjwa wa kifua kikuu walifungwa gerezani Kapsabet kwa kuacha dawa, chini ya kifungu cha 27 cha sheria hiihii. Machi 2016 Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu aliamua kwamba kifungu hicho hakikuruhusu kuwafunga wagonjwa jela, na kwamba kufanya hivyo kulivunja Katiba. Serikali ina haki ya kuzuia maambukizi, lakini mahali pa mgonjwa ni pa tiba. Mtu akikutisha kwa jela kwa sababu una maradhi, mtajie uamuzi huo.

Ukitaka kubadilisha kanuni yenyewe

Labda tatizo lako si jirani wala afisa, ni kanuni. Ada ya leseni ni kubwa kwa mwuza bajia sawa na hoteli ya Shela, au hakuna kanuni yoyote ya samadi ya punda. Hapo nenda Bunge la Kaunti. Kifungu cha 15 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 kinampa mtu yeyote haki ya kuliletea bunge ombi la kutunga, kubadilisha au kufuta sheria yake.

Ada zenyewe huwekwa katika Mswada wa Fedha wa kila mwaka, na makadirio ya bajeti yanatakiwa yafike bungeni kufikia 30 Aprili. Kwa hiyo kuanzia Machi sikilizeni matangazo ya vikao vya ushirikishaji wa umma. Lamu haihitaji kufundishwa uzito wa vikao hivyo: mwaka 2019 leseni ya mradi wa makaa ya mawe ilifutwa na jopo la kitaifa la kuamua kesi za mazingira (National Environment Tribunal), na kutoshirikishwa kwa wananchi kulikuwa miongoni mwa sababu kuu.

Ukienda kikaoni, usiende na hotuba. Nenda na ukurasa mmoja: kanuni inasemaje sasa, inaumiza nani, mnataka isomeke vipi. Andikeni maneno kamili mnayoyataka, kwa mfano "mwenye punda ataondoa samadi ya zizi lake kila siku kabla ya saa nne asubuhi, na kaunti itatenga mahali pa kuikusanya katika kila wadi." Mpeni karani nakala mbili, na moja mrudi nayo imepigwa mhuri.